Desi, Farasi wa Hati ya Ahadi

Phelista Nakhungu alikuwa akikodisha hema na viti vya sherehe mjini Bungoma, na kwa miaka mingi alikuwa ameona maarusi wakifika kanisani kwa magari yale yale ya kuazima, yamefungwa riboni zile zile. Mwanzoni mwa mwaka 2004 akaamua kwamba anataka farasi.

Alimpata Kiminini, upande wa Kitale, kwa mkulima aitwaye Ndirangu. Huyu alikuwa amenunua kipande cha shamba la mzungu aliyehama, na ndani yake akakuta ameachiwa farasi jike wa rangi ya kahawia, jina lake Desi. Hakuwa na kazi naye, ila kila jioni alimpelekea karoti. Phelista alipomshika shingo, Desi aliegemeza kichwa begani mwake, na mama wa watu akasahau kabisa kuomba apunguziwe bei.

Shida ni kwamba alikuwa na nusu tu ya pesa.

"Hiyo ingine nitalipa pole pole, kila mwisho wa mwezi," alisema.

Ndirangu alikuwa tayari kukubali kwa mdomo, lakini mkewe, Wahu, akatikisa kichwa. "Mama, mimi nakuamini. Lakini deni la mdomo huharibu urafiki. Si tuandike tu."

Wakaenda Kitale kwa wakili, naye akawaandikia hati ya ahadi: karatasi moja iliyosema kwamba Phelista anaahidi kumlipa Ndirangu pesa zilizobaki kabla ya mwaka kwisha. Phelista akatia sahihi. Tangu siku ya ndoa yake hakuwa ameahidi kitu kikubwa hivyo.

Desi alisafiri kwa lori la mahindi, kichwa kimechomoza juu, na kila mahali lilipopunguza mwendo watu waliacha shughuli zao wakapunga mikono.

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya Kibabii, mwezi wa Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari la bibi harusi likazama kwenye matope hadi milangoni. Phelista akamleta Desi kando ya gari. Bibi harusi akapandishwa, akakunja gauni, akafika kanisani viatu vikiwa safi kama alivyovivaa nyumbani. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuoa bila Desi, na kila mwisho wa mwezi Phelista alipeleka Kiminini alichoahidi.

Kufikia Agosti, Desi alikuwa amenenepa sana. Phelista akajisifu kwamba anajua kulisha. Eliakim, daktari wa mifugo, alimpapasa tumbo akatabasamu. "Mama, huyu hajashiba. Huyu ako na mimba, na ni ya tangu Kiminini. Sasa asibebe mtu tena."

Furaha ilimpanda Phelista, kisha ikamshuka. Aliahidi kulipia farasi mmoja, na hata huyo hajamaliza kumlipia. Angeweza kunyamaza, lakini hakuona raha. Kesho yake alikuwa Kiminini.

"Mzee, Desi alitoka hapa na mimba," alisema. "Sasa mtoto ni wa nani?"

Ndirangu alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Kumbe yule dume wa jirani alivunja ua kwa sababu. Na mimi nilidhani alikuwa anatafuta nyasi."

Wahu hakucheka. "Hati inasema utalipa pesa, haisemi utarudisha watoto. Ng'ombe akiuzwa na mimba, ndama hufuata mama yake. Lakini akizaa, utatuita, bana."

Phelista alilipa deni la miezi iliyobaki kwa mapato ya hema na viti. Desemba, alfajiri moja yenye ukungu, Desi akazaa dume mwenye miguu mirefu isiyojua iende wapi. Ndirangu na Wahu walifika mchana wakiwa na suti za kanisani na gunia la karoti. Phelista akawapa malipo ya mwisho, Wahu akamrudishia hati yake, na Ndirangu, bila kujali suti, akaketi chini kwenye majani amtazame mtoto akinyonya.

Desi alipumzishwa hadi Pasaka. Aliporudi kazini kwenye harusi ya kwanza, mtoto alimfuata nyuma bila kamba, na katikati ya viapo akaingiza kichwa mlangoni mwa kanisa. Kwaya nzima ilishindwa kuimba kwa kicheko, na hata bwana harusi akasahau jibu lake.