Pikapu Iliyonyanyuliwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

Nilifika Kigoma kwa treni nikiwa napita tu, nikakaa. Gereji moja ya mtaa wa Mwanga, nyuma ya soko, ilikuwa na chumba cha kuwekea matairi, na fundi akaniruhusu nilale humo kwa sharti la kumshikia spana mchana. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo mambo mengi nimeyajua kwa kulala chali chini ya kitu na kuuliza. Fundi alinivumilia. Alisema kunijibu ni rahisi kuliko kuninyamazisha.

Asubuhi moja akaingia mteja wetu wa siku zote, mwenye pikapu nyeupe ya kubebea mbao na saruji. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini uso wote ulikuwa unacheka. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza kwao.

"Hongera, baba," fundi akamwambia. "Umekuja kutunywesha soda?"

"Nimekuja mninyanyulie gari mbele."

"Mtoto hata kitovu hakijadondoka, tayari anataka gari la juu?"

"Si mtoto. Ni mama mkwe."

Akakaa juu ya tairi, akatueleza. Mama mkwe wake alikuwa anaishi Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na migomba. Mkewe alikuwa analia tangu arudi kutoka hospitali. Majirani walikuja kumsaidia kumwogesha mtoto, akawashukuru na kuwarudisha. Shangazi akaja, naye akarudishwa. Alimtaka mama yake, basi. Na mama mwenyewe alikuwa ameshafunga mzigo, anasubiri. Shida ni nyonga. Hawezi tena kuteremka kwa miguu mpaka lami, na tangu bodaboda imwangushe katikati ya mibuni, aliapa kwamba pikipiki ataipanda akiwa maiti.

"Na pikapu haifiki kwake?" nikauliza.

"Inafika nusu. Kuna korongo limekata njia, upande wa pili lina jiwe limetokeza kama mdomo. Kila nikiteremka humo, pua inagonga. Mara ya mwisho nilirudi na bampa nimeipakia nyuma kama abiria."

Fundi alikuwa na dawa yake ndani ya boksi. Mteja mwingine aliagiza vifaa vya kunyanyulia gari kutoka Dar, kisha akauza gari lenyewe kabla havijafika. Vilikuwa vipande viwili vya chuma vya mviringo, vinene kama chapati zilizopangwa, vina matundu ya bolti. Kazi yake ni ndogo ukiitazama: kila kimoja kinakaa juu ya shokapu na springi yake, kati yake na chesisi, upande wa kulia kimoja na wa kushoto kimoja. Unene wake ndio kimo ambacho gari linaongezeka, na zaidi kidogo.

Nilitaka kujua kwanza kwa nini pikapu ikiwa tupu huwa imeinamia mbele. Nilikuwa nimeliona jambo hilo miaka yote bila kuliuliza.

"Ulishamwona mama anayebebeshwa mzigo mgongoni?" fundi akasema. "Anainama kwanza. Hii nayo imetoka kiwandani imeinama, inasubiri mzigo. Ukipakia saruji, nyuma inashuka, inakaa sawa."

"Kwa hiyo tukiinyanyua mbele, ikipakiwa pua itaangalia juu."

"Itaangalia. Lakini huyu kwa sasa hataki kubeba saruji, anataka kubeba mama."

Tukaanza. Nakumbuka kazi ile kwa furaha, kwa sababu kila kitu kilikubali mwishowe. Jeki ikapanda, magogo yakawekwa chini ya chesisi, magurudumu yakatoka. Nati za juu ya shokapu zililegea baada ya kupigwa mafuta na matusi machache. Sehemu ngumu ilikuwa kurudisha. Kwa kuwa sasa shokapu ilikuwa ndefu kwa unene wa kile kipande, mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, ulikataa kuifikia. Fundi akaingiza mtaimbo, akaulalia kwa kifua, mimi nikiwa nimeshika bolti mbele ya tundu.

"Linakuja?"

"Bado kidogo."

"Wewe kila siku kwako ni bado kidogo! Linakuja?"

"Limeingia!"

Akauachia mtaimbo, akakaa chini akihema. Kisha akaniambia nizungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, huku yeye akitazama kama mpira wa breki hauvutiki na kama ekseli hazijapinda kupita kiasi. Magurudumu akayanyoosha kwa kamba iliyofungwa kutoka nyuma hadi mbele. Tukaijaribu mpaka Kidahwe na kurudi. Haikuvuta upande, haikulia. Mwenye gari aliizunguka mara kadhaa, akawa anaingiza mguu wake chini ya bampa na kuutoa, kama mtu anayepima maji.

Akanigeukia. "Kesho twende wote."

Nikadhani anaogopa kukwama. Fundi akacheka.

"Huyu hatafuti fundi. Anatafuta ukuta."

Ndipo nilipoelewa. Kwao mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawaketi pamoja, wala hawatazamani usoni. Pikapu ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele. Lazima kati ya dereva na mama mkwe akae mtu, na mtu huyo asiwe wa ukoo wowote kati ya koo zao mbili. Mimi sikuwa wa ukoo wowote pale mjini. Kwa mara ya kwanza hali hiyo ilinipatia kazi.

Kesho yake tulipanda Kalinzi mapema. Tukaiacha lami, tukaingia kwenye njia ya udongo mwekundu, migomba ikipiga vioo. Kwenye korongo mwenye gari akapunguza mwendo mpaka nikasikia kokoto moja moja chini ya tairi. Pua ikashuka, ikatulia, ikapanda. Hakuna kilichogonga. Alisimamisha gari upande wa pili, akashuka, akachungulia chini, akarudi ndani, akawa anapiga usukani kwa viganja.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, fimbo mapajani. Pembeni yake kulikuwa na mikungu ya ndizi, gunia la maharage na kuku aliyefungwa miguu. Mwembamba, kanga mbili, macho makali.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha. Kisha mkwe wake akamwamkia kutoka mbali, amekodolea macho vidole vyake vya miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanigeukia mimi. "Mwulize mkwe wangu, mtoto anafanana na nani?"

Mkwe alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nikamwuliza.

"Mwambie anafanana na yeye," akajibu.

"Anasema anafanana na wewe, mama."

"Basi atapata mume haraka. Pakieni."

Tukapakia. Nyuma ya gari ikakaa chini kwa ule mzigo, na mbele ikainuka zaidi. Mama akaja taratibu kwa fimbo yake, nikamfungulia mlango. Akashika ukingo wa mlango, akainua mguu. Mguu ukaishia hewani, mbali na pa kukanyagia. Akaushusha. Akajaribu mwingine, ule wenye nyonga mbovu, huo haukufika hata nusu.

Hakuna aliyekuwa amefikiria mlango. Si fundi, si mwenye gari, si mimi. Tulipima jiwe, tukapima breki, tukapima kamba, na yule ambaye yote yalifanywa kwa ajili yake hatukumpima.

Mama akalitazama gari kutoka tairi hadi paa.

"Mwulize mkwe wangu, gari hili ameniletea mimi au amemletea twiga?"

Sikuwa na haja ya kuufikisha ujumbe. Mwenye gari aliinama kama aliyepigwa. Gari likiwa chini lisingefika; sasa limefika na halipandiki. Kumshika hawezi. Mkewe, ambaye angeweza kumshika, yuko kitandani Mwanga. Nikasema mimi nitambeba.

"Wewe mikono yako naijua?" mama akasema. "Mimi si gunia la kahawa."

Tukajaribu kigoda. Ua ule ulikuwa mteremko, na upande wa mlango wake ndio ulioelekea bondeni. Kigoda kikayumba mara alipokikanyaga, akanishika bega kwa nguvu, akaniachia mara moja kama niliyemchoma.

"Mwambie nitarudi gereji wavitoe vile vyuma," mkwe akasema. 

"Akivitoa atapitaje kwenye jiwe?" mama akanijibu. "Mwulize. Au anataka kwenda na kurudi mpaka mtoto aanze shule?"

 Mkwe alikwenda kusimama kwenye migomba, ametupa mgongo. Nilijua anafikiria nini: anarudije nyumbani kwa mwanamke anayelia, akiwa na ndizi na kuku, bila mama.

Mama naye alikuwa anaangalia. Aliangalia gari, akaangalia ua, akaangalia njia. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea pale njia ilipokata kilima na kuacha ukingo wa udongo, kimo cha mapaja ya mtu. Juu yake palikuwa pamekanyagwa mpaka pakang'aa.

"Pale ndipo tunapotua kuni. Mwanamke akitoka msituni peke yake, hana wa kumtua, anasogea pale, anausukumia mzigo ukingoni. Mwambie arudishe gari, mlango wangu uwe wazi, ubavu uguse udongo."

Akarudisha, mimi nikimwelekeza kwa mikono. Mama akapita kwa juu, kutoka uani, akitembea ukingoni polepole, akafika mkabala na mlango. Kiti kilikuwa chini kidogo ya magoti yake. Akageuka, akatanguliza mgongo, akaketi kama anayeketi kitandani kwake, akaivuta miguu ndani mmoja mmoja. Akajifunga kanga vizuri.

"Twende. Mtoto anasubiri."

Tulishuka hivyo, mimi katikati, gia katikati ya magoti yangu. Walizungumza njia nzima na sijui kama ninaweza kusema walizungumza. Mama alimwuliza kama mkewe anapata maziwa ya kutosha, na mimi nikauliza. Mkwe alijibu, na mimi nikajibu. Ilipofika habari za uchungu na mshono niliona aibu, lakini ukuta hauna aibu, nikapitisha yote. Kwenye korongo mama alinishika goti na kulibana mpaka tukatoka. Baadaye, tulipofika mahali ziwa linapoonekana lote chini, buluu mpaka Kongo, akaniuliza tumeifanya nini pikapu mpaka ikawa ndefu hivi. Nikamweleza: springi, na juu yake kipande cha chuma cha mviringo, na juu ya hicho uzito wote wa gari.

Akafikiri. "Mmeivisha ngata," akasema.

Nimewaeleza watu kazi ile mara nyingi tangu wakati huo, na sijapata neno zuri zaidi.

Mwanga, uani palikuwa pakavu na tambarare, wanawake wa jirani walikuwa tayari. Vigelegele vikaanza kabla injini haijazimwa. Mmoja akaleta benchi imara, akaliweka chini ya mlango, wawili wakasimama kumpokea. Lakini mama hakutoka. Binti yake alikuwa amefika mlangoni kwa hatua fupi fupi, amejifunika, mtoto kifuani. Mama akanyoosha mikono kutoka kule juu. Mtoto akapandishwa.

Akamlaza mapajani, akamfungua kanga, akamkagua kuanzia utosini. Vidole. Masikio. Nyuma ya magoti. Binti akaegemea tairi, analia na kucheka, na mama akawa anamfuta machozi kwa mkono mmoja bila kumtazama.

"Mama, shuka basi, uje ndani."

"Nishuke niende wapi? Mjukuu wangu yuko hapa."

Basi wakamfuata. Majirani walikuja mmoja mmoja mlangoni mwa pikapu kumwamkia, vichwa vimeinuliwa, naye akawaitikia kutoka kitini. Uji ukapandishwa. Maji ya kumwogesha mtoto yakawekwa kwanza kando yasubiri. Mimi nilitoka kupitia mlango wa dereva, nikaenda kukaa kivulini na mwenye gari, ambaye hakuwa na pa kujiweka kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameshika gari lake lote.

Akaja mtu anataka mbao zake zipelekwe Ujiji, akauliza kama pikapu ina nafasi.

"Leo gari lina watu," mwenye gari akamwambia, na hakuinuka hata kidogo.