Siku Nyanya Alipoikuta Miguu ya Baba

Baba yangu, Zablon Ogweno, alikuwa fundi wa magari hapa Kisumu tangu mwaka wa 1933 mpaka mgongo ulipomkataa. Alikuwa mtu mfupi wa mabega mapana, na katika ujana wake aliamini kwamba kitu kikikataa kufunguka, basi hakijapigwa vya kutosha. Milango alipiga, mikebe alipiga, hata karanga alizipiga kwa nyundo. Mikono mizuri alipewa na Mungu. Haraka aliitafuta mwenyewe. Haraka hiyo ilimtoka siku moja tu, kati ya saa nne na saa nane, na isingemtoka, mimi na ndugu zangu tusingezaliwa.

Wakati huo alikuwa na miezi minane tu tangu amwoe mama yangu, Dorka. Walikaa chumba kimoja nyuma ya soko, na baba alifanya kazi katika gereji ya Kalasinga mmoja aliyeitwa Tarlochan Singh, karibu na reli. Sasa kulikuwa na mtu wa kwao mama, huko Uyoma, aliyekuja mjini kuuza samaki. Alipita mbele ya gereji ile mara tatu, na mara zote tatu alimwona baba amelala chali kivulini chini ya gari, na tajiri wake amesimama juani. Aliporudi nyumbani akasema alichokiona. Habari ilipita nyumba hadi nyumba ikizidi kunenepa, na ilipomfikia nyanya, mama yake mama, ilikuwa hivi: mkwe wako hulala mchana kutwa, na Mhindi amechoka kumwamsha.

Nyanya hakuwa mtu wa kulia. Alituma neno kwamba Alhamisi atakuja ajionee kwa macho yake, na akimkuta mwanamume amelala, atarudi na binti yake kwa mashua hiyo hiyo.

Kwetu sisi, mkwe na maro wake, yaani mama mkwe, huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Mwanamume kuonwa na maro wake akiwa amelala, tena mapaja nje, hiyo ni aibu ya kuitiwa wazee. Kwa hiyo baba alijipanga. Alhamisi angevaa suruali ndefu na kusimama wima kutwa nzima ameshika spana, kazi iwepo isiwepo.

Nyanya akaja Jumanne. Mashua ilikuwa imepatikana Luanda Kotieno, bandari ya kwao, siku mbili mapema, na yeye hakuona sababu ya kusubiri nyingine.

Jumanne hiyo gereji ilikuwa na gari dogo kuukuu la mashindano, la watu wawili, limelala chini kama mamba. Lilikuwa la Hemant, kijana wa duka la nguo, aliyelipenda kuliko chakula. Giaboksi yake ililia njia nzima, na dawa ya kwanza ilikuwa kumwaga oili kuukuu. Lakini Hemant alikuwa amejitibia nyumbani. Alichukua spana isiyoenea, akaila ile nati ya kumwagia oili pembe zote sita, ikabaki mviringo kama kokoto la ziwani. Spana ikishika, inateleza.

Tarlochan alimweleza baba kwamba kasha la giaboksi ni aluminiamu. Likipigwa kwa hasira litapasuka, na jingine ni la kuagizwa Ulaya. Atie mafuta ya taa, aweke tindo ukingoni mwa nati, aigonge polepole kuelekea kushoto, mpaka ikubali yenyewe. Baba akaitikia, akaingia chini, akatia mafuta ya taa, akagonga polepole kwa nyundo ndogo kama mara kumi. Kisha akaomba nyundo kubwa. Aliposikia pigo la pili, Tarlochan alikuja akaichukua nyundo ile, akaenda akaikalia.

Hapo ndipo mama alipoingia na nyanya nyuma yake. Asubuhi hiyo mama alikuwa ameifua ovaroli pekee ya baba, na baba alikuwa amekuja kazini na kaptula iliyopasuka matakoni. Miguu yake ilikuwa nje ya gari tangu magotini.

Nyanya aliuliza mkwe wake yuko wapi. Tarlochan, mtu wa watu, ambaye hakujua lolote la maro, alicheka kwa furaha akaielekeza ile miguu. Halafu akamletea kiti.

Nyanya alijifunika uso kwa shuka, akageuza kiti, akakaa ameligeuzia gari mgongo. Baba chini kule aliitambua ile sauti, akakauka. Kutoka hawezi, kusalimia hawezi. Nyundo ikasimama.

"Umeona, Dorka," nyanya akasema. "Amelala."

"Mama, anafanya kazi."

"Kazi gani haina sauti? Hata kuku akitaga tunamsikia. Nenda ufunge mzigo wako. Mashua inaondoka saa nane."

Mama hakwenda kufunga mzigo. Alisimama pale pale akiomba kimoyomoyo, na baba naye, ndani ya giza lake, akagundua kwamba kitu pekee kitakachomtetea ni sauti. Akainua ile nyundo ndogo na kupiga kwa nguvu. Miguu ikaruka, kaptula ikachanika tena. Basi akabana magoti pamoja kama bi harusi, akaanza kugonga kidogo kidogo, ngo, ngo, ngo, bila kutikisa hata kidole cha mguu.

Akipumzika kidogo tu, anasikia: "Amelala tena." Anaendelea.

Aligonga hivyo kwa muda wa karibu saa tatu nzima. Jasho lilimwingia machoni. Alisema baadaye kwamba aliomba Zaburi zote alizofundishwa misheni, na zilipokwisha akaomba za kwake mwenyewe. Meli ilipiga honi bandarini, saa sita. Tarlochan alikuja akachungulia, akaona mkono wa fundi wake ukigonga polepole vile alivyoelekezwa, akaenda zake akitikisa kilemba kwa mshangao. Mafuta ya taa nayo, yaliyokuwa hayajawahi kupewa nafasi, yalikuwa yakinyonywa ndani taratibu.

Saa nane kasoro, nyanya alisimama kukunja shuka yake. Wakati huo huo nati ikasogea. Baba akaifuata kwa vidole, ikazunguka, ikaanguka. Karai la kukingia oili lilikuwa kando, alikokuwa amelisukuma akibana magoti. Oili yote ikammwagikia kifuani na usoni, nzito, nyeusi, na hakutoa sauti.

"Sasa amelala kabisa," nyanya akasema, na papo hapo akahisi kitu cha moto kidogo kikipita kati ya vidole vyake vya miguu. Akatazama chini. Mto mweusi ulikuwa ukitoka chini ya gari, unang'aa, unaenea.

Baba alijiburuta akatokea upande wa pili. Alikuwa mweusi tititi tangu nywele mpaka magoti. Ngozi haikuonekana, wala tundu la kaptula. Akageuza uso ukutani, akasalimia kwa heshima zote. Nyanya naye akaitikia akiwa ametazama barabarani, akauliza kama watu wa nyumbani hawajambo. Kisha akamwambia mama achote maji amwoshe mumewe, akaenda kwenye mashua peke yake.

Ile nati baba aliihifadhi dirishani mpaka alipofariki, na mimi sikumwona hata mara moja akipiga karanga kwa nyundo. Alizivunja kwa vidole.

Huko Uyoma, yule muuza samaki alikuja kuuliza kama si kweli alivyosema. Nyanya alikuwa akipepeta mtama, na hakuinua kichwa.

"Mkwe wangu halali chini ya magari," alimjibu. "Anayachinja. Nilikanyaga damu yake."