Fundi hina na miwani isiyokaa puani

Saa tatu asubuhi, na jasho limeshaanza kazi yake.

Thuraya Hamood ameketi kwenye mkeka sebuleni kwake mjini Bagamoyo, kiganja cha mteja kimelala juu ya goti lake. Mkono wa kulia umeshika koni ya hina, wa kushoto umevibana vidole vya mteja visitikisike. Miwani yake, mikubwa ya duara yenye fremu ya rangi ya dhahabu, inashuka polepole. Inavuka kigongo cha pua, inafika nchani, inasimama hapo kama inayosubiri kusukumwa.

Hawezi kuipandisha mwenyewe. Vidole vyake vyote vina hina.

"Nipandishie, mwalimu," anamwomba mteja. "Taratibu, usiniguse vioo."

Mteja, mwalimu wa shule ya msingi anayekwenda kwenye harusi ya mpwa wake huko Makurunge, anaisukuma kwa kidole cha mkono wa pili. Wanacheka wote wawili. Baada ya maua mawili inashuka tena, mwalimu anaisukuma tena. Mara ya tatu hacheki mtu.

Mkono ule wa pili hautachorwa. Mwalimu ametaka mmoja tu, na akishachorwa analipa, anaaga, anaondoka ameukunjua mkono hewani ukauke.

"Siku hizi ndio wateja wangu hao," anasema Thuraya huku akijifuta vidole kwa kitambaa. "Wa mkono mmoja. Wa mikono miwili wananikimbia."

Thuraya ana umri wa miaka 53. Ni mjane, na kwa zaidi ya miaka 30 hina ndiyo iliyomlisha, ikamsomesha na binti yake wa pekee, Mayasa. Harusi zikipamba moto alikuwa akiitwa nyumba nne hata tano kwa mwezi, na kwa bi harusi mmoja hakurudi nyumbani na chini ya Sh100,000. Mkono mmoja wa mgeni wa harusi ni Sh7,000. Tangu Idi Kubwa iliyopita hajamchora bi harusi hata mmoja.

Na bi harusi anayefuata ni wa nyumba hii hii. Mayasa anaolewa baada ya Maulidi. Tangu binti huyo azaliwe, Thuraya amekuwa akiwaambia watu kwamba mikono ile hataichora mtu mwingine maadamu yeye yu hai.

Sasa hana hakika kama ataichora.

Macho yalianza kumsumbua alipovuka miaka 43. Mwanzoni alijidanganya kwamba taa za siku hizi hazina nguvu. Kisha akajikuta anausukuma mkono wa mteja mbali ili auone vizuri, hadi mama mmoja akamuuliza kama anataka kumng'oa bega.

Miwani ya kwanza aliinunua kwa mchuuzi aliyezitembeza kwenye ubao.

"Alinitazama usoni tu, akaniambia, 'Mama, wewe namba yako hii.' Hakunipima kitu," anakumbuka. "Nikaivaa, kichwa kikaniuma wiki nzima. Nikadhani ndivyo miwani ilivyo."

Aliyewahi kuvaa miwani katika joto la pwani hatahitaji kuelezwa mengine. Ukifunua sufuria ya wali, dunia inageuka ukungu. Ukifunga ushungi, vishikio vinabanwa nyuma ya masikio mpaka ngozi inachubuka. Ukiinama kurukuu, unaidaka hewani. Ukiivua ili usali, ukimaliza huioni ulipoiweka, kwa kuwa kitu cha kukusaidia kuitafuta ni hicho hicho unachokitafuta. Thuraya ameshakalia miwani mbili. Ya tatu ilidondokea ndani ya bakuli la hina usiku mmoja na kuamka ikiwa na madoa ya rangi ya tofali ambayo hayakutoka tena.

"Ilionekana kama miwani nayo inaolewa," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwalimu aondoke, anacheka.

Hii ya dhahabu ni ya nne, nayo ina habari yake.

Mayasa alipopata kazi kwenye duka la simu, mshahara wake wa kwanza aliutumia kumpeleka mama yake Dar es Salaam akapimwe macho kwa mara ya kwanza. Daktari akaandika vioo vya sehemu mbili: juu vya kutazamia mbali, chini vya kutazamia karibu. Ikabaki kuchagua fremu.

Hapo ndipo kuna mateso ambayo wenye macho mazima hawayajui. Ili ujaribu fremu mpya lazima uvue miwani yako, na ukishaivua humwoni aliyeko kwenye kioo. Thuraya alijaribu fremu moja baada ya nyingine akitazama ukungu wenye ushungi. Ilimbidi kuamini macho ya mtu mwingine.

"Mayasa akasema, 'Hii, mama. Hii inakupendeza.' Sauti yake ilikuwa na furaha, wallahi. Ningesemaje?"

Fremu ilikuwa pana kuliko uso wake, na pua yake, anavyoieleza mwenyewe, "haina pa kushikia kitu". Dukani alikuwa amesimama wima, kwenye kiyoyozi, mikono mikavu. Hakuinama. Fundi hina kazi yake yote ni kuinama, na hakuna aliyekumbuka kumwambia ainame.

Aliyalipia makosa hayo kijijini Kiwangwa.

Aliitwa huko kumchora Shamsia, binti wa wakulima wa mananasi. Mkono wa kulia aliuchora mchana, karibu na dirisha, miwani ikiwa imetulia. Kufikia wa kushoto jioni ilikuwa imeshaingia, chumba kimejaa wanawake, joto limepanda, na miwani ikawa inashuka kila dakika. Aliona haya kuwasumbua watu wamsukumie. Akaendelea hivyo hivyo. Bila kujua, alikuwa hatazami tena kupitia sehemu ya chini ya vioo, bali ile ya juu, ambayo haioni karibu.

Bi harusi huachwa alale na hina yake. Asubuhi inabanduliwa, mikono inapakwa mafuta, inawekwa yote miwili juu ya mto, na wanawake wa pande mbili wanakuja kuitazama. Fundi naye hukaa hapo, apokee vigelegele vyake. Ndiyo saa yake ya kujidai.

Mkono wa kulia ulikuwa na maua madogo, membamba, yamepangana hadi kwenye kifundo. Wa kushoto ulikuwa na maua makubwa manene, matatu yakajaza kiganja kizima.

Wanawake walitazama wa kulia, wakatazama wa kushoto. Kisha shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti ya upole, jambo ambalo Thuraya anasema liliumiza zaidi kuliko matusi:

"Na huu wa kushoto, ni mkono wa nani?"

Hina haifutiki. Shamsia aliingia kwenye harusi yake ameuficha mkono wa kushoto chini ya mtandio, na picha zake zote zina mkono mmoja.

"Hakunisema neno baya, yule mtoto," anasema Thuraya. Anavua miwani, anaitazama, anaivaa tena. "Nilimharibia siku ambayo hairudi. Mimi, niliyemfuata mpaka kwao."

Habari ilifika Bagamoyo kabla yake. Wapo waliosema amezeeka. Wapo walioanza kumwita, kwa utani usiokuwa na utani ndani yake, fundi wa mkono mmoja.

Mayasa alipomuuliza kilichotokea, mama alijibu, "Macho yamechoka, mwanangu." Hakuitaja fremu. Angemwambiaje mtoto kwamba zawadi ya mshahara wake wa kwanza ndiyo iliyomtia aibu? Kwa upendo huo alijichimbia shimo, maana binti alisikia kile alichoambiwa: macho ya mama yamekwisha.

Ndiyo sababu, wiki mbili zilizopita, Mayasa alikaa karibu naye na kumwambia kwa heshima zote kwamba amezungumza na Ahlam, msichana mchora hina wa mtaa wa pili, aje amchore yeye. "Ili nawe mama upumzike, ukae na wageni."

"Nikamwambia sawa," anasema Thuraya. "Nikaingia jikoni."

Kesho yake, kabla hata ya kupika, alianza kutafuta fremu nyingine.

Mchana huu anakwenda duka la tatu. La kwanza walimpa fremu kubwa kuliko hii. La pili walimwambia aifunge miwani yake kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliufunga, uzi ukanaswa na pini ya ushungi, vyote vikatoka pamoja mbele ya mteja.

Duka hili, nyuma ya soko, ni la kijana anayeitwa Osama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka fremu isiyoteleza."

Osama anatoa tatu, zote pana. "Hizi ndizo zinazotoka sasa hivi, mama. Wateja wote wanazitaka hizi."

"Wateja wote hawana pua yangu."

Anajaribu moja. Osama anasema inampendeza. Anajaribu ya pili. Osama anasema inampendeza zaidi. Thuraya anaivua, anaiweka mezani, kisha anafanya jambo linalomshangaza muuza duka: anavaa ya tatu, anapiga magoti sakafuni, anainama juu ya mkono wa kufikirika na kuanza kuchora hewani. Fremu inamtoka puani na kuanguka miguuni pa Osama.

"Umeona?" anasema kutoka chini. "Mimi sitafuti ya kupendezea. Natafuta ya kuinamia."

Osama anamsaidia kusimama, anamuuliza anafanya kazi gani, na safari hii anasikiliza. Kisha anafungua droo ya chini na kutoa fremu za wanafunzi: ndogo, nyepesi, zenye vipira laini puani na vishikio vinavyojikunja nyuma ya sikio. Zilizobaki ni za buluu, buluu ya sare za shule.

Thuraya anavaa, anapiga magoti, anainama. Anatikisa kichwa. Anatikisa tena.

Haikutoka.

"Na uachane na vioo vya sehemu mbili ukiwa kazini," Osama anamshauri. "Hii tuitie kioo cha karibu peke yake. Yako ya zamani iwe ya kutembelea."

Anaisoma namba ya karibu kwenye miwani ya zamani, anakata vioo hapo hapo, kwenye mashine iliyoko chumba cha nyuma. Vikishaingia kwenye fremu, Thuraya anachukua koni ndogo mkobani na kuchora maua mawili kwenye kipande cha boksi, moja upande huu, moja upande ule. Anayatazama kwa muda mrefu. Yako sawa.

Anarudi nyumbani ameivaa. Ni mwandishi wa simulizi hii, anayefuatana naye, aliyedhani kwamba hadithi imeshapata mwisho wake mzuri.

Nyumbani, Mayasa ameshafika kutoka kazini. Anamwona mama yake na miwani ya buluu, anataka kucheka, kisha anauliza, "Na ile yangu?"

Mama anaketi. Anamweleza yote: fremu, jasho, Kiwangwa, mkono wa Shamsia. Mayasa anasikiliza akiwa amesimama, mkoba ungali begani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Mayasa analia. Akishatulia, anatoa simu yake na kusema anampigia Ahlam sasa hivi, kumwambia asije.

"Weka simu," mama anasema.

"Mama, mikono yangu ni yako. Umesema hivyo tangu nazaliwa."

"Weka simu, Mayasa. Mtoto wa watu ameshawaambia kwao kwamba anakuja kumchora binti wa Thuraya. Ukimrudisha leo, kesho mji mzima utauliza ana kasoro gani. Na watakaouliza hawatangoja jibu. Mimi nimeshapita huko, simpeleki mwingine."

Simu inarudi mkobani.

Baada ya harusi, Thuraya anapanga kwenda Vigwaza kwa shoga yake Adila, aliyemwahidi kumtafutia kazi kwa watu wasiojua habari za Kiwangwa. Ataanza na nani huko hajui, ila anamtaka mmoja tu atakayempa mikono yote miwili. "Mmoja akinipa, na wa pili atakuja," anasema. Sauti yake haina hakika kubwa, lakini haitetemeki.

Lipo jambo moja analoliomba kabla ya hapo, naye analiomba mbele yetu.

"Ahlam akimaliza mikono na miguu, nyayo asiziguse. Nyayo nitapaka mimi."

Nyayo hazichorwi maua. Hupakwa hina tupu, unyayo mzima, kwa kiganja. Ni kazi ambayo hata asiyeona anaweza kuifanya.

"Nyayo hazionekani, mama," anasema Mayasa.

"Najua. Lakini ndizo utakazokanyagia ukitoka kwangu, na ndizo utakazokanyagia ukiingia kwa mumeo. Nipe hizo, mwanangu. Zinanitosha."