Kalamu Isitangulie Kaburi

Nilifika Kalemie siku ya tano ya safari, kwa treni kutoka Kabalo, baada ya injini kufa mara mbili upande wa Nyunzu. Nilikuwa napita tu, kama nilivyopita miji mingine. Lakini kituo cha afya kimoja kando ya ziwa kilitafuta mtu mwenye miguu na mwandiko: kufuata wagonjwa wa kifua kikuu nyumba kwa nyumba, na kuandika nani anameza dawa, nani amepotea, nani amekufa.

Aliyenitangulia aliuliza majirani tu. Wakisema kulikuwa na matanga katika ua ule, aliandika amekufa. Mimi nilijiwekea sheria: siandiki kifo kabla ya kuonyeshwa kaburi au kuongea na aliyeosha maiti.

Ndipo mvuvi mmoja, mtu wa kaskazini mwa ziwa, akatoweka katika mwezi wa tatu wa dawa. Uani kwake majivu ya matanga yalikuwa bado yana joto, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Mama muuguzi, mkuu wetu, alitaka nifunge jina lake na dawa zake apewe mwingine. Kama alikuwa hai, tungemwua sisi.

“Mama, tungojee mwezi ijae,” nikamwambia. “Ndagala inavuliwa mu giza. Mwezi ikijaa, mitumbwi yote inarudia.”

Aliuliza tangu lini nimekuwa mvuvi wa dagaa, lakini alinipa siku hizo.

Mwezi ulipojaa nilifuata ufuko kuelekea Kabimba, kambi hadi kambi. Siku ya pili asubuhi nilimkuta anashona wavu, amekonda, anakohoa. Matanga yalikuwa ya kaka yake. Walipomaliza kuzika, mtumbwi haukumngoja apite kituoni kuchukua dawa. Nilipomweleza nilichoambiwa niandike, wenzake walicheka mpaka wakaacha nyavu. Tangu hapo wakamwita Papa Marehemu.

“Basi mufu njo huyu, anaomba dawa yake,” akaniambia akijionyesha kwa kidole. “Lakini Papa, kituo yenu iko mu muji, na miye niko mu ziwa.”

Alisema kweli. Alipimwa, akaanza upya, na safari hii tulimpa vidonge vya kutosha giza zima, mpaka mwezi ujae tena, mwenye mtumbwi akimwangalia anavyomeza.

Siku dawa zilipokwisha na makohozi yake yakaonekana safi, niliandika amepona, nikamrudishia Mama kalamu. Miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tena. Asubuhi iliyofuata Papa Marehemu alinisindikiza hadi kwenye lori la kwenda mji wa Bendera, akipanda kilima na mzigo wangu begani, akinisimulia habari za samaki njia nzima bila kukohoa.