Kiti cha Kulia na Bia ya Wakwe

Mkiona rubani amevaa miwani myeusi na shati jeupe, msidhani alizaliwa hivyo. Mimi urubani niliuanza na ndoo ya maji na sabuni.

Nilirudi Bujumbura kutoka masomoni na leseni mpya kabisa, vita bado inaunguruma kule vilimani. Mtaani kwetu Buyenzi walinipikia pilau. Wiki haikuisha wakaanza kuuliza ndege iko wapi. Na walikuwa na haki ya kuuliza, maana Buyenzi ni mtaa wa mafundi magari: mtu akijiita fundi anaonyeshwa gari, anaitengeneza, maneno yamekwisha. Mimi nilijiita rubani, na kila asubuhi natoka nyumbani kwa baiskeli. Wajomba zangu wakanipa jina la Rubani wa Baiskeli, na jina likafika hadi kwenye maduka ya vipuri.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kila mwenye ndege aliniambia nirudi nikiwa nimeruka zaidi. Jamani, nikarukie wapi, juu ya paa la mama? Mashirika makubwa yalikuwa yanakuja kwetu kwa kusuasua, ndege ikitua leo, kesho wanafikiria. Zilizobaki zilikuwa ndege za mabosi. Barabara za kutoka mjini zilikuwa na watu wa kuvizia magari, kwa hiyo tajiri mwenye uwezo alinunua ndege ndogo, akaondoka zake juu kwa juu. Mmoja wao, mfanyabiashara wa kahawa aliyekaa Kibenga, alikuwa na ndege ya injini mbili, viti vinane na rubani mmoja. Kile kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kilikuwa kinakaliwa na koti la rubani mwenyewe. Nilikionea wivu kile kikoti, wallahi.

Rubani huyo tulimwita komanda, kama wanavyoitwa marubani wakuu wote pale kwetu. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, Mkongomani mrefu mwenye tumbo la heshima na manukato ya kutosha kijiji. Nilipomwomba kazi alinijibu kwamba ndege yake inaweza kurushwa na mtu mmoja, ila kuoshwa hata watu kumi wanakaribishwa. Basi nikaosha. Nikabandua wadudu kwenye kioo, nikasugua mafuta chini ya mabawa, miezi na miezi. Jioni nyingine ananiruhusu kukaa kulia wakati ndege inavutwa kuingizwa kibandani, na mimi najishika magoti kwa furaha. Nyumbani nilisema niko "mazoezini".

Siku moja komanda akanyoosha kidole bila kunitazama.

"We mutoto, siku ya posho, hii Jumamosi, bosi anaenda Nairobi kuombea mutoto wake bibi. Utakaa kulia. Akikupenda, unabakia. Asipokupenda, unaniachia ndoo yangu."

Nilikimbilia kwa fundi cherehani wetu wa Buyenzi anishonee mistari ya mabegani. Rubani msaidizi anavaa miwili. Fundi akanishonea minne, kwa sababu, alisema, mtoto wa mtaa hawezi kutoka na miwili kana kwamba nyuzi zimekwisha. Minne ni ya komanda! Asubuhi ile nilikaa chini ya bawa nikifumua miwili kwa wembe.

Tulitakiwa kuondoka alfajiri, kukiwa na ubaridi. Lakini safari ya posa haiondoki alfajiri. Familia ya binti ilikimbilia Nairobi vita ilipoanza, na kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu. Tena kinywaji kinatoka upande wenu. Nairobi bia zimejaa, hilo kila mtu alilijua. Ila wakwe walikuwa wameikosa bia ya nyumbani miaka yote ile, na bosi aliapa kwamba wataioga. Zikaja kreti. Halafu wakaja wa kusindikiza, na msindikizaji naye haji mikono mitupu: huyu ana samaki mukeke wa kukaushwa, yule dumu la pombe ya ndizi, mwingine kikapu chenye kikapu ndani yake. Kukataa zawadi ni matusi. Bosi anapokea kila kitu kwa mikono miwili, anashukuru, "Murakoze, murakoze," kisha ananigeukia mimi, na mimi napakia. Kila mmoja alikuwa na maneno mawili ya kuaga, na maneno mawili ya Kirundi yanaweza kufika mchana.

Jua likapanda. Nikasukuma dumu la mwisho kule nyuma, na gurudumu la mbele likanyanyuka kutoka ardhini. Ndege ikakalia mkia, pua inatazama mawingu. Umati ukapiga makofi na vigelegele.

"Angalia, inataka kuruka yenyewe!" akapiga kelele mtu mmoja.

Komanda hakucheka wala hakukasirika. Alihamisha kreti kadhaa kutoka nyuma akaziweka mbele, pua ikashuka, akapangusa mikono. "Voilà. Iko sawa."

Haikuwa sawa hata kidogo! Uzito ulikuwa uleule, umehama tu. Na si kwamba niliogopa kutoinuka. Barabara ya kurukia pale ni ndefu, ilijengewa majitu. Niliogopa kile kinachofuata. Miaka ile, ukiondoka Bujumbura unaelekea ziwani, unazunguka juu ya maji hadi uwe juu kabisa, ndipo unavuka vilima, kwa sababu vilimani kulikuwa na watu wenye bunduki na muda mwingi. Ndege nzito, mchana wa joto, inapanda kwa kujivuta. Ukivuka chini, wanakuona hadi rangi ya shati.

Nikamvuta komanda pembeni. Nikamwambia tumezidisha. Akaniambia nimwambie bosi mwenyewe kama nina mdomo.

Mdomo ninao, ndio ugonjwa wangu. Nikamwendea bosi, nikainamisha kichwa kidogo kama inavyotakiwa, nikamwambia kwamba kwa ruhusa yake ningependa kujua uzito wa kila kitu. Na wa kila mtu. Jirani na kibanda cha ndege kulikuwa na ghala lenye mizani ya magunia, nikaionyesha kwa mkono.

Wa kwanza kujibu alikuwa msemaji wa posa, mzee mwenye koti la suti na kofia, aliyechaguliwa kwa ulimi wake. Alinitazama kuanzia viatu.

"Mimi? Mimi nipande ku mizani? Mi niko gunia ya kahawa?"

"Apana, mzee, samahani, ni kwa ajili ya ndege..."

"Ninaenda kuomba mutoto wa watu, unataka kunipima mbele ya bibi za watu! Huyu mutoto wa nani?"

Wanawake wakaanza kuguna. Bwana harusi mtarajiwa, kijana mpole, akatazama viatu vyake. Bosi akamgeukia komanda, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ndege inaweza.

"Inaweza, patron," akasema komanda. Halafu akanitazama, akaongeza: "Ila kama kuna kitu ya kupunguza, huyu hapa. Hata peke yangu ninairusha."

Bosi akanitazama, akatazama kreti. Mimi mwembamba, lakini bado nilikuwa sawa na kreti kama tatu hivi, na kati yangu na zile kreti wakwe walikuwa hawanisubiri mimi.

"Shuka, kijana," akasema.

Nilishuka, ingawa nilikuwa sijapanda. Mlango ukafungwa. Kiti changu wakakiwekea kikapu chenye kikapu ndani yake.

Nikasimama na wasindikizaji. Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikapita pale inapoinukia siku zote, ikaendelea kukimbia. Wanawake wanaimba. Mwisho barabara imebaki kidogo, ikajibandua ardhini, ikashika ziwa ikiwa chini, ikaanza kuzunguka. Ikazunguka tena. Ikazunguka tena. Wasindikizaji walisema komanda anawaaga kwa heshima. Mimi nilijua inashindwa kupanda. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka ile ndege irudi ili waone nilisema kweli, na papo hapo nikamkumbuka yule kijana aliyetazama viatu vyake, nikaomba Mungu wapande, wapande tu. Nilisimama mpaka ikawa nukta, ikavuka. Kisha nikachukua baiskeli.

Mama alikuwa anachambua mchele barazani.

"Eeh, umeshafika Nairobi?"

"Mama, niache."

"Ulisema nini tena na huo mudomo yako?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapepeta mchele, akasema: "Watu wanakufa siku zote kwa kunyamaza. Kula." Nilikula nikilia, na sikuona haya, njaa ilikuwa kali. Wajomba waliposikia walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Nikaanza kufikiria kwa dhati kujifunza kufunga klachi ya gari.

Walirudi baada ya siku kadhaa, mchumba amepatikana. Siku iliyofuata gari la bosi likasimama mlangoni kwetu, Buyenzi nzima ikatoka nje kuangalia. Dereva akasema nahitajika Kibenga, kwa bosi. Mama akanishika mkono, akanikumbusha nimwombe radhi bosi wa watu. Njia nzima nilipanga maneno ya radhi.

Bosi alikuwa peke yake uani, ziwa liko mbele yake. Akaagiza Fanta, ikafunguliwa mbele ya macho yangu kama desturi, ili mgeni aone hakuna mtu aliyetia kitu. Nikaanza radhi zangu. Akainua mkono.

"Tulizunguka pale juu ya maji mpaka mzee musemaji akatapika ndani ya kofia yake," akasema. "Niliona viboko. Sijawahi kuona kiboko nikiwa ndani ya ndege. Niliona masikio."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

"Nikamuuliza komanda, tuko sawa? Akanijibu ndiyo, patron. Na jasho inamushuka ku shingo. Yule ananiogopa. Akisema ndiyo, mi sijue ni ndege inasema ao ni mushahara." Akanywa. "Mutoto wangu alikuwa nyuma yangu, amevaa suti ya harusi. Wewe siku ile, kitu gani ilikupa nguvu ya kuniharibia posa mbele ya watu?"

Nilitafuta jibu la kiume. Kwa miaka yote ya vita sikuwahi kumsikia mwanaume wa mji ule akikiri kwamba anaogopa. Tulilala risasi zinalia, asubuhi tunaulizana habari ya mpira. Lakini maneno yangu yote ya radhi yalikuwa yamekwisha.

"Niliogopa kufa, bosi," nikasema. "Mi naogopa sana."

Akaweka chupa yake chini.

"Bon," akasema. "Komanda atakaa kushoto. We utakaa kulia. Mi nikiuliza kama tuko sawa, yeye ajibu. Lakini mi nitakuwa naangalia wewe."