Mwalimu Nasteho na Lita Tano za Petroli

Nasteho Jama alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya wasichana mjini Garissa, na kwa miaka kumi na miwili alikwenda kazini kwa tuktuk. Si kwamba hakujua kuendesha. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori la mifugo, akipita njia ya mchanga mpaka Diff na kurudi, na yeye ndiye aliyemfundisha klachi Nasteho alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, kwenye lori lililokuwa na gia nzito kama mchi. Tangu siku hizo, mambo mawili yalimkaa rohoni. La kwanza, alipenda gari linalotii mkono. La pili, alichukia kuona mafuta yakiteketea bure, maana alimwona baba yake akizima injini kwenye kila mteremko uliomruhusu.

Basi zamu yake ya ayuuto, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ilipofika, akina mama kumi na sita wa mtaa wa Waberi wakamkabidhi mchango wao wote kwa mkupuo, kila mtu mtaani akawa na ushauri. Kaka yake Guleid, aliyesafirisha bidhaa za duka kwa Probox, alikuja jioni akakaa mkekani bila hata kuvua kofia.

"Abaayo, nunua Probox kama yangu," alisema. "Wewe unakwenda shule, mchana inabeba mizigo. Gari inajilisha yenyewe."

"Sitaki gari la kubeba vitunguu, walaal. Nataka gari la mbio."

Guleid alimtazama mama yao, Hooyo Sahro, kana kwamba anaomba shahidi. Hooyo aliendelea kumimina chai.

"La mbio," Guleid akarudia. "Kwa mshahara wa mwalimu. Hayo yanakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani baada ya siku kumi."

"Ngamia hanywi tena mpaka siku nyingine kumi," Nasteho akajibu. "Nikipata la namna hiyo nitashukuru."

Hakuwa akitania. Alichukua daftari jipya la mraba, lile wanalotumia wanafunzi wake, akaandika maswali matatu kwenye ukurasa wa kwanza. Linakunywa kiasi gani? Likiharibika, spea zipo Garissa? Je, litanifurahisha kwenye kona? Gari lolote ambalo halingejibu yote matatu, hata liwe zuri vipi, lingebaki huko huko liliko.

Swali la pili alianza nalo nyumbani. Jumamosi nzima alizunguka maduka ya spea, akinakili ukubwa wa matairi yaliyokuwa rafuni na aina za breki zilizokuwa zikining'inia ukutani. Mzee Shirwa, muuza spea wa siku nyingi, alimwangalia akiandika mpaka akachoka.

"Mwalimu, unafanya sensa?"

"Natafuta gari, adeer. Nataka nijue kwanza wewe unauza nini."

Shirwa alicheka, maana katika miaka yake yote hakuna mteja aliyewahi kuanzia upande huo. Akamvutia kiti. "Sikiliza, binti yangu. Gari ambayo ikivunjika Alhamisi unasubiri basi ya Jumanne ikuletee chuma, hiyo si gari yako. Ni gari ya Nairobi, wewe umeazimwa." Akamtajia moja moja zile ambazo angeweza kuziinua tena hata saa hiyo, kwa vitu vilivyokuwa nyuma ya kaunta yake. Nasteho akaandika yote.

Likizo ya Agosti akapanda basi mpaka Nairobi. Kwenye yadi ya kwanza alikuta gari la buluu lenye turbo, limeng'arishwa kiasi kwamba aliona uso wake mlangoni. Muuzaji aliliwasha, nalo likanguruma mpaka njiwa wakaruka kwenye mabati. Moyo wa Nasteho uliruka pamoja nao, hakuweza kuuficha.

"Nataka tujaze tangi mpaka shingoni," alisema, "niendeshe kilomita arobaini, kisha turudi pampu ile ile tujaze tena. Mafuta nitalipa mimi."

"Madam, watu hupiga tu raundi moja hapo nje."

"Mimi nitapiga arobaini."

Walikwenda Barabara ya Thika na kurudi. Lilikuwa gari tamu, hilo halina ubishi. Ukiligusa linachomoka, mgongo unabaki kwenye kiti. Lakini pampu haikumhurumia. Lita sita. Isitoshe, matairi yake yalikuwa membamba ubavuni, ya namba ambayo hakuiona katika duka lolote la Garissa. Nasteho aliliaga kwa kulipapasa boneti, akatoka bila kugeuka nyuma, kwa sababu alijua akigeuka atashindwa.

La pili, la milango miwili na pua ndefu, lilikwaruza tumbo kwenye tuta la langoni kabla hata hawajafika barabarani. Hilo halikufika kwenye pampu.

Siku ya tatu, katika yadi ya pembeni, aliona Vitz nyekundu imesukumwa mpaka ukutani, vumbi limeifunika, betri imekufa. Nyuma ilikuwa na herufi mbili ndogo, RS, alama ya toleo la mbio. Aliinama akachungulia dirishani, akaona gia za mkono, tano.

"Hiyo imekaa miezi mitano," alisema muuzaji. "Wateja hawataki klachi. Nikuonyeshe ya otomatiki?"

"Niletee betri," Nasteho akasema.

Injini yake ilikuwa ya lita moja na nusu tu, lakini gari lenyewe lilikuwa jepesi, na usukani ulijibu kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha. Kwenye mzunguko wa kutokea barabara kuu alishuka gia ya tatu, akakata kona bila kugusa breki, na gari likashika lami kama limepigwa gundi. Muuzaji alishika mpini wa juu ya mlango. Nasteho alikuwa akicheka peke yake. Waliporudi pampuni baada ya kilomita zile zile arobaini, iliingia lita mbili na nusu, ikafurika. Alifungua daftari, akaangalia orodha ya Mzee Shirwa: breki zipo, matairi yapo, klachi ipo. Akatia alama tatu.

Safari ya kurudi nyumbani aliifanya peke yake. Kabla ya Mwingi, barabara inapojipinda vilimani, aliifurahia kila kona moja moja, bila haraka, kama mtu anayekula tende. Alivuka daraja la Tana jua likiwa bado juu. Mafuta aliyojaza Nairobi yalikuwa yamebaki zaidi ya robo tangi.

Guleid aliizunguka Vitz mara mbili. "Umenunua kiatu," akasema.

Maneno hayo yalifika gereji, na gereji za Garissa hazina siri. Bishar, fundi mkuu wa eneo lile, alikuwa amechoshwa na ubishi wa kila siku kuhusu gari gani ni bora, kwa hiyo akatangaza mashindano. Yangefanyika Jumapili asubuhi, kwenye uwanja mpana wa changarawe ya murram, njia ya kuelekea Modika. Kila gari lingekaushwa tangi, litiwe lita tano kamili, lizunguke njia ya kilomita moja na nusu iliyozungushiwa matairi makuukuu. Baada ya saa moja, mwenye mizunguko mingi ndiye mshindi. Mwenye pupa angeishiwa mafuta, na mzembe angeishiwa muda.

Nasteho aliposikia sharti hilo, aliona ni mtihani uliotungwa kwa ajili yake. Walikuwepo waliosema si vizuri mwalimu wa kike kushindana na wanaume uwanjani. Alimwuliza mama yake.

"Kuna anayekukataza kwenda kazini kwa gari hiyo?" Hooyo Sahro akauliza.

"Hakuna."

"Basi nenda. Ila vaa hijabu fupi, isijisokote kwenye gia."

Yalijipanga magari tisa. Kulikuwa na Yonis na gari lake la turbo, Guleid na Probox yake, na Abdisamad wa duka la simu, aliyekuwa na gari jeusi la otomatiki, dereva mtulivu anayejua kupima. Bishar aliangusha kitambaa, na vumbi likainuka.

Yonis aliwaacha wote mara moja. Nasteho alimwacha aende. Wiki nzima alikuwa amejipima barabarani na alijua hesabu yake: gia ya tatu na ya nne, mshale wa injini usipite elfu tatu, na kwenye kona aachie mafuta mapema, injini yenyewe ilishike gari. Breki hakuigusa, kwa kuwa kila breki ni petroli uliyokwisha kuilipia. Taa ya mafuta iliwaka tangu mwanzo kwa sababu tangi lilikuwa karibu tupu, kwa hiyo haikumwambia lolote. Alitegemea kichwa chake.

Kwenye mzunguko wa ishirini na mbili Yonis alisimama, turbo kimya, mlango wazi, akitembea na kupiga teke mawe. Probox ya Guleid ilikwenda kwa uvumilivu wake, lakini uzito na urefu viliirudisha nyuma kwenye kila kona. Zilipobaki dakika kumi, Nasteho na Abdisamad walikuwa sawasawa, mizunguko ishirini na tisa kila mmoja.

Hapo ndipo alipopaswa kuamua. Kwa hesabu yake ilibaki karibu lita moja na nusu. Akiendelea kwa utulivu angemaliza salama, pengine wa pili. Alikumbuka ukurasa wa kwanza wa daftari, swali la tatu, akatambua kwamba hakununua gari hili ili awe salama tu. Akashuka gia ya tatu, akakanyaga.

Vitz iliimba. Alikata kona ya kwanza akimpita Abdisamad kwa ndani, murram ikirushwa ubavuni, na umati ulioketi juu ya magari ukasimama wote. Abdisamad naye akaongeza mwendo, lakini gari lake lilikuwa limetumia zaidi mapema. Kwenye mzunguko wa thelathini na tano likakohoa, likatetemeka, likazima. Saa moja ilipotimia, Nasteho alipita kwenye kitambaa cha Bishar mzunguko wa thelathini na sita, injini ikiwaka.

Bishar alikausha tangi mbele ya wote. Kilitoka kiasi cha kikombe cha chai. Alikiinua juu ili kila mtu aone, kisha akatangaza jina la Nasteho, na wanafunzi wake waliokuja na mama zao wakapiga vigelegele mpaka mbuzi waliokuwa karibu wakakimbia.

Guleid alikuja akiwa mwekundu kwa vumbi. Alimshika dada yake bega.

"Mizunguko thelathini na moja," alisema. "Wewe umenipita kwa mitano. Walaahi, Abaayo, utanifundisha hiyo kona."

"Jumamosi," Nasteho akasema. "Njoo na mafuta yako."

Watu walipoanza kutawanyika, Hooyo Sahro alikuja polepole akiwa na fimbo yake, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akakaa, akajifunga mkanda. Bishar alimwaga lita mbili kwenye tangi bila kuulizwa. Nasteho akawasha gari na kuanza kwa mwendo wa mama, taratibu, akiyakwepa mashimo. Walipokaribia kona ya kwanza, Hooyo aliweka fimbo katikati ya magoti, akashika mpini wa juu ya mlango.

"Usipunguze," alisema.