Mwalimu Asiyesikia Lugha Yao

Mwenzangu wa chumba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, tena wa wale watoto wa darasa la pili ambao meno bado yanang'oka. Sote wawili tulikuwa wageni katika nchi ile. Mimi nilifua mashuka ya hoteli, yeye alifundisha, na kwa kuwa alinizidi umri nilimwita Dada, ingawa kwa ukaidi wake nilimkaripia kama mdogo wangu.

Shule yake ilikuwa na sharti moja la ajabu. Mwalimu mgeni haruhusiwi kuonyesha kwamba anasikia lugha ya wenyeji. Mtoto akijua mwalimu anamwelewa, alisema mkuu wa shule, hatahangaika na Kiingereza. Basi Dada, aliyeiongea lugha yao kama kazaliwa nayo, akawa kiziwi wa kulipwa. Na si darasani tu! Tukiwa dukani, akimwona mzazi wa mwanafunzi, anaanza kuunyooshea mkate kidole kama mtu aliyeshuka jana, na mimi ndiye mkalimani. Siku moja nilichoka nikamwambia muuza duka, "Huyu anataka sabuni ya kuoshea mbwa," na yeye hana uwezo wa kukanusha. Alininunia njia nzima, tulipofika nyumbani akacheka mpaka machozi.

Lakini kibali chake cha kuishi kilikuwa mikononi mwa shule ile. Kazi ikiota mbawa, naye anafungasha. Kwa hiyo alinyamaza.

Sasa palikuwa na mtoto mmoja, msichana, tulimwita Kifungo kwa sababu alitafuna vifungo vya shati lake mpaka zikabaki nyuzi. Bibi yake alichelewa kuja kumchukua kila siku. Wenzake wakishaondoka alibaki darasani, Dada akikata herufi za karatasi ngumu, yeye akimshikia gundi. Na alivyokuwa anaongea, we! Wakati wa masomo humtoi neno, lakini pale alimwagika, kwa lugha yake, bila kituo. Alisema mama yake ameondoka nyumbani. Baba anadai amesafiri kikazi, lakini viatu vya mama vyote vimetiwa kwenye mfuko wa taka. Alisema akilia, baba huongeza sauti ya redio. Akimaliza kusimulia, mtoto humpapasa Dada mkono na kusema, "Wewe nakupenda kwa sababu huelewi kitu."

Dada alinisimulia haya tukimenya viazi, kisu kimesimama hewani. "Nifanyeje mimi? Nikimfariji, atajua."

"Basi na ajue! Kazi gani hiyo ya kumnyamazia mtoto?"

"Mdogo wangu, hujanielewa. Hana mwingine wa kumwambia. Akijua nasikia, hatasema tena."

Alijaribu kuzunguka. Alimwendea mkuu wa shule, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mtoto yule haonekani kuwa na furaha. Mkuu akasema watoto wote hununa kipindi cha baridi. Kumpigia mbuzi gitaa.

Kisha ikaja siku ambayo Kifungo hakushika gundi. Alikuwa amevaa koti, begi limetuna, ndani katia sweta na kipande cha mkate. Akamwambia Dada, kwa upole kabisa, kwamba leo anakwenda kwa mama. Atatoka kabla bibi hajafika, apande treni mpaka kituo cha mwisho, maana mama aliwahi kusema ipo siku ataenda mpaka mwisho wa reli. "Nimekuja kukuaga," akasema. "Wewe peke yako." Akamkumbatia kiunoni.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Dada alimshika mkono, akasema kwa lugha ya mtoto, kwa lafudhi isiyo na kasoro, "Usiende, mwanangu. Mama hayuko huko. Utapotea."

Mtoto hakulia. Alimtazama tu, akauliza, "Kumbe unasikia? Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Yote?"

"Yote, mwanangu."

Akauvuta mkono wake. Dada alisema hapo ndipo moyo ulipomvunjika, kwa jinsi mtoto alivyouvuta polepole, kwa adabu. Bibi alipofika, ikambidi Dada aseme kila kitu, treni, begi, mkate, na mtoto kasimama palepale anamsikia mwalimu wake akitoa siri zake. Bibi alishukuru, akamshika Dada mikono yote miwili. Aliapa hatamwambia mkuu wa shule kwamba mwalimu anajua lugha, na ahadi akaitimiza, mama wa watu. Kazi ikabaki. Nyumbani kwa kina Kifungo wakatia kufuli mlangoni, na bibi akaanza kuja mapema.

Nilimwambia Dada, umeokoa mtoto wa mtu, acha kujitesa. Maneno matupu. Hakula. Alikaa kitandani na viatu miguuni, kaukodolea macho ukuta. Nilikasirika, nikapiga sufuria kwa mwiko, nikamwambia kama anataka kufa, basi afe kashiba. Halafu nikakaa nikalia naye.

Alasiri moja ya mvua bibi akachelewa, wakabaki wawili tena darasani. Dada akavuta kiti karibu, akamsemesha kwa lugha yake, taratibu, bila kujali nani anapita mlangoni. Akamuuliza kama mama ameleta habari. Akamuuliza kama analala vizuri. "Na huko nyumbani mnaendeleaje, mwanangu?"

Kifungo akaweka begi mapajani, akanyoosha mgongo kama wanavyofundishwa, akamjibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, bila kosa hata moja, kwamba nyumbani wote ni wazima, Mwalimu, asante kwa kuuliza.